Duka la rangi la Ngamiani: nenda na kipande chako cha plaiwudi

Mimi ni muuguzi, na zaidi ya nusu ya zamu zangu ni za usiku. Kwa hiyo chumba changu cha kulala nakiona zaidi mchana. Naanza na hilo kwa sababu muuza rangi wa kwanza hakuniuliza nalala saa ngapi, na wa pili aliniuliza kabla hajafungua hata katalogi.

Duka la kwanza ni kubwa, lipo mjini hapa hapa Tanga, jina naliacha. Nilikwenda na picha kwenye simu: kuta za kijivu chepesi, kitanda cheupe, pazia la kitani. Kijana wa kaunta akaisogeza simu kwenye katalogi, akaweka kidole mahali. "Hii hapa, dada." Ndoo ya lita 20 ikachanganywa, nikalipa, fundi akapiga mikono miwili kwa siku mbili.

Kwenye katalogi kilikuwa kijivu. Ukutani kikawa bluu. Usiku nikawasha taa, balbu ile nyeupe kali, nikajikuta nimesimama wodini. Ukuta wa namna ile ile ninaouegemea saa tisa za usiku nikiandika mafaili. Nimelala humo miezi mitano, na kila nikitoka zamu nikafunga mlango, mwili unakataa kuamini kwamba kazi imekwisha. Mtu asiyefanya kazi ya zamu anaweza kuona nakuza jambo. Usingizi wa mchana ni mgumu kuupata. Kitu chochote kinachoukataa, hata rangi, ni hasara.

Zikabaki lita kama kumi na mbili. Rangi iliyokwisha kuchanganywa hairudishwi dukani, hilo nalijua na silalamikii. Nalalamikia kuuziwa ndoo nzima kwa chumba cha mita nne kwa tatu na nusu, bila mtu kuchukua kalamu.

Duka la Ngamiani, hapa hapa Tanga, nilielekezwa na jirani. Ni dogo, lipo ndani ndani kwenye zile barabara za namba, mlango mmoja, makopo yamepangwa hadi juu, na mashine ya kuchanganyia rangi imekaa nyuma ya kaunta kama cherehani la fundi nguo. Mwenyewe ni mzee, anakaa kwenye stuli na miwani kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Chumba au sebule?"

Nikasema chumba, nikaanza kutafuta picha kwenye simu. Akanizuia kwa mkono. Dirisha linatazama wapi? Magharibi. Nje ya dirisha kuna nini? Mwembe, mkubwa, matawi yanagusa nondo. Taa gani? Sikujua, akaniambia nikifika nyumbani nisome namba kwenye boksi la balbu. Halafu ndiyo akauliza: "Unalala saa ngapi?" Nilipomwambia saa tatu asubuhi hadi saa nane au tisa mchana, akavaa miwani.

Maelezo yake nayaweka hapa kwa maneno yangu, kwa kuwa yamenisaidia kuliko picha zote nilizohifadhi. Dirisha la magharibi asubuhi halipati jua. Linapata nuru ya mbingu tu, na nuru hiyo ina ubluu. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia lenyewe, la manjano, na likikaribia kuzama linakuwa jekundu. Mwembe nao unarudisha ukijani wa majani ndani ya chumba. Kijivu chepesi hakina rangi kubwa ya kwake, kwa hiyo kinapokea kila kinacholetwa: asubuhi bluu, mchana kijani, usiku kinafuata balbu. Balbu yangu nilikuja kukuta imeandikwa 6500, ile nyeupe yenye ubluu. Mzee akanishauri nitafute ya 3000 au 2700, ambayo nuru yake inaelekea kwenye umanjano wa kandili. Akasema nianze na balbu kabla sijanunua rangi, maana huenda nikaridhika na ukuta nilionao. Muuza rangi anayekwambia anza na balbu ya elfu chache, huyo nimeanza kumwamini pale pale.

Balbu ilisaidia usiku. Asubuhi, saa zangu za kulala, ukuta ulibaki bluu. Nikarudi.

Safari hii akafungua katalogi, na hapo nilifurahi kusikia mtu anazungumza rangi kwa majina tunayoyajua. Hakunisomea namba. Aliniuliza mashuka yangu ni ya rangi gani, nikasema damu ya mzee, seti mbili, na siyaachi. Akasema basi tusitafute rangi ya kushindana nayo, tutafute ya kuyapokea. Kuta tatu akapendekeza rangi ya unga wa ubuyu, ule mweupe kabla haujatiwa rangi nyekundu: weupe wenye umanjano na uudongo kidogo. Ukuta wa nyuma ya kitanda, ugoro. Nilisita kwa ugoro. Akanijibu kwamba ukijani wa mwembe tayari umo chumbani, nikiupa ukuta mmoja wa kukaa, hautazunguka kwenye kuta nyingine.

Hakukubali kuniuzia galoni siku ile. Alinichanganyia lita moja moja za kujaribia, na hili ndilo nililotaka hasa kulieleza. Kopo la rangi nyeupe ya msingi linawekwa chini ya mashine, midomo myembamba inadondosha wino: manjano ya udongo tone nene, nyekundu ya kutu kidogo, nyeusi tone moja dogo kama kichwa cha pini. Ukitazama ndani unaona weupe mtupu wenye vidoa vitatu, huamini kwamba hivyo vitabadilisha kitu. Kopo linafungwa, linatikiswa kwenye mashine nyingine yenye kelele kama mawe ndani ya debe, linafunguliwa, na rangi imekuwa. Akachovya kidole, akapaka kwenye kifuniko, akakausha kwa kikaushio cha nywele. Ilipokauka ikakolea kidogo. "Usiihukumu ikiwa mbichi," akasema.

Nilipewa maagizo: kipande cha plaiwudi kama futi mbili kwa mbili, kipigwe nyeupe kwanza, halafu mikono miwili ya rangi, na pembeni kibaki ukingo mweupe wa vidole viwili. Nisipake majaribio moja kwa moja juu ya ukuta wa bluu, kwa sababu jicho litalinganisha na bluu na kudanganyika. Plaiwudi ihamishwe: karibu na dirisha, kwenye kona ya giza, nyuma ya kitanda. Niitazame saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Siku tatu.

Ubuyu ulipita mara moja. Ugoro wa kwanza saa nne asubuhi ulikuwa kama matope ya mkoko, mzito. Nikamrudishia, akaupunguza weusi, akaongeza manjano, lita nyingine. Nililipa makopo matatu ya kujaribia, jumla shilingi 36,000. Si pesa ndogo. Ndoo yangu ya bluu ilinigharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Kisha akapiga hesabu mbele yangu kwenye karatasi ya boksi: kuzunguka chumba mita 15, kimo mita 2.7, toa mlango na dirisha, inabaki kama mita 37 za mraba. Lita moja inafunika kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili, lita saba na nusu. Galoni mbili za lita nne, basi, moja na nusu ya ubuyu na nusu ya ugoro kwa kukadiria. Lita ya ugoro niliyokuwa nimeshanunua ikaingizwa kwenye hesabu.

Ubuyu ni mati, isiyong'aa, kwa sababu jua la jioni likiingia kwa mshazari linaonyesha kila wimbi la plasta na kila alama ya rola. Ugoro ni silki, inayong'aa kidogo, kwa kuwa pale ndipo kichwa kinapoegemea na mimi natumia mafuta ya nazi; silki inafutika. Chini ya dirisha, ambako ile bluu ilikuwa imetoa unga mweupe wa chumvi, alitaka ukuta ukwanguliwe, ukauke kabisa, upigwe rangi ya kwanza ya kuzuia chumvi. Plasta mpya ya saruji, alisema, ingepaswa kusubiri wiki nne kabla ya kuguswa. Mimi kwa ile bluu nilisubiri wiki mbili, na hakuna aliyeniambia.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika mashine imekufa na wewe unasubiri. Mimi nilikaa saa mbili na nusu. Hakuna malipo ya kadi. Makopo ya ubuyu yalitofautiana kidogo sana. Aliliona mwenyewe, akatuambia tuyamimine yote kwenye ndoo moja na kukoroga kabla ya kuanza, na ikawa sawa, ila kwa chumba kikubwa ningesisitiza achanganye yote kwa mkupuo mmoja. Risiti hupewi mpaka uombe. Fundi aliyeniunganisha naye alikuja siku moja baada ya ahadi, lakini mkono wake ni safi, kona hazina hata mchirizi.

Jumanne nilitoka zamu, nikafika nyumbani saa mbili na nusu. Ubuyu ulikuwa na rangi ya ubuyu. Nikavuta neti, nikaamka saa tisa jua likiwa limeanza kuingia kwenye ugoro.

Duka linafunguliwa kama saa tatu asubuhi. Ijumaa mchana linafungwa kwa ajili ya sala. Nenda na vipimo vya chumba, namba ya balbu, na kipande cha kitambaa cha shuka au pazia usilotaka kuachana nalo. Plaiwudi kata mwenyewe, pale hawauzi.