Mchangatope wa asili na uliokandwa upya
Mto Sabaki humwaga baharini, kaskazini mwa Malindi, mchangatope mwingi, udongo ambao chembe zake huwa kati ya milimita 0.002 na 0.06. Udongo wa namna hiyo ukikatwa kipande cha kupimwa maabara bila kuvurugwa, mpangilio wa chembe na vifungo vyake hustahimili mzigo kwa kudidimia kidogo, hadi kikomo kipitwe. Hapo vifungo hukatika, nao hushuka kwa kasi. Uliokandwa upya kwa maji yaleyale kwa kawaida ni dhaifu zaidi, na hudidimia taratibu tangu mwanzo. Hata hivyo, na hili hunitia wasiwasi zaidi, mchangatope usionata ukivurugwa chembe zake zinaweza kusongamana, maabara ikaonyesha nguvu isiyokuwapo ardhini. Kwa kupima udongo wa msingi wa nyumba ningechagua kipande kisichovurugwa, japo ni ghali.