Maonyesho ya malori Walcott: nimelala garini siku mbili, na Julai narudi

Ndugu zangu mlioko Iowa, Illinois na majimbo ya jirani, kama kwenu kuna baba, mume au kaka aliyewahi kushika usukani wa lori, nendeni kwenye maonyesho ya malori ya Walcott, hapa Iowa, mwezi wa Julai. Mimi nimeishi Iowa City miaka sita, napita barabara ya I-80 kila wiki, na sikuwahi kusimama pale mpaka bwana mmoja Mkongomani wa kanisani kwetu, dereva wa masafa marefu, aliponiambia: "Mama, wewe mtoto wa dereva, unakosaje kwenda?"

Ni kweli, mimi ni mtoto wa dereva. Baba aliendesha Scania 113 kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi. Nyumbani Makambako tulimjua kwa honi kabla hajaonekana. Kwa hiyo msitegemee niandike kama mtalii.

Maonyesho yanafanyika kwenye kituo cha malori cha Iowa 80, njia ya kutoka I-80 namba 284. Namba hizo zinahesabu maili, na kwangu ni 244, kwa hiyo ni maili 40 tu. Kituo kilifunguliwa mwaka 1964 na kinajulikana kuwa kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha malori: kina maegesho ya malori 900 hivi, kinyozi, daktari wa meno, mabafu, sehemu ya kufulia nguo, mpaka ukumbi wa sinema. Sherehe yenyewe ya madereva ilianza mwaka 1979. Inachukua siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, na kiingilio hakuna. Kuegesha pia bure. Nilirudia kuuliza kwa sababu sikuamini.

Tulifika Ijumaa asubuhi, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Nimeona maonyesho mengi ya magari huku, watu wanatazama kwa mbali wakiwa nyuma ya kamba. Hapa wenye malori wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya malori yao, na ukiuliza swali wanakujibu. Kijana mmoja alikuwa anang'arisha tangi la dizeli la Peterbilt 379, lori la pua ndefu. Alikuwa na kitambaa cha pamba kilichokwisha kuwa cheusi tii, na mswaki wa meno. Ule mswaki ni wa kuingia kwenye nati za mikanda inayoshika tangi. Alisugua nati moja, akaifuta kwa kidole, akatazama kidole, akarudia. Nilisimama pale dakika kumi nzima. Baba alikuwa akimlipa utingo asugue rimu kwa mchanga na sabuni ya unga kabla ya kuingia Dar, na jicho lake la kukagua lilikuwa hilihili.

Nikampigia video. Makambako ilikuwa jioni tayari. Mwanangu akatoa shikamoo, babu akaitikia haraka haraka, kisha akasema, "Geuza simu, nione gari."

Swali lake la kwanza lilihusu Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Iringa: "Hiyo pua ndefu yote hiyo, Kitonga inakata kona vipi?"

Nilimtafuta mtu wa kumjibu. Kwenye safu ya malori ya zamani kulikuwa na mzee mwenye Kenworth ya uso bapa, ile ambayo dereva anakaa juu ya injini kama Scania zetu. Akanieleza kwamba zamani sheria za Marekani zilipima urefu wa gari zima, kichwa na tela pamoja. Ukitaka tela refu, unafupisha kichwa, ndiyo maana wengi waliendesha uso bapa. Mwaka 1982 sheria ya taifa ikabadilika, kwenye barabara kuu wakaanza kupima tela peke yake. Pua zikarudi. Madereva walizipenda kwa sababu hukai juu ya ekseli ya mbele ukirushwarushwa, na injini unaifungua bila kuinamisha kibanda chote pamoja na vyombo vyako vya chai. Nilimtafsiria baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo kwenye vyombo vya chai amesema kweli."

Tukaja kwenye uzito. Nilimwambia kikomo cha kawaida cha barabara kuu za huku ni paundi 80,000, yaani tani 36 na ushee, gari na mzigo wake. Baba akacheka sana. "Huku ekseli saba tunakwenda mpaka 56!" Lakini alipoona bango jeusi na njano la CAT Scale alitaka maelezo. Ile ni mizani ya binafsi. Aliyeianzisha mwaka 1977 ni Bill Moon, ndiye huyohuyo aliyekiendesha kituo hiki tangu mwaka 1965 na baadaye akakinunua na mkewe Carolyn. Dereva anapima kabla hajakutana na askari, anapewa karatasi, na kama karatasi inasema yuko sawa halafu akapigwa faini ya uzito, kampuni inalipa ile faini au inakwenda naye mahakamani kutetea vipimo vyake. Sisi tuliokulia jirani na mizani ya Makambako tunajua baba zetu walikuwa wanaingia pale na roho juu. Mizani iliyo upande wa dereva! Baba aliniambia nirudie maelezo, nikarudia.

Chakula: Iowa inaongoza Marekani nzima kwa nguruwe, na kitimoto wanachochoma pale kwa kweli ni cha wenyewe. Kipande kina unene wa vidole viwili, kimechomwa nje kikashika rangi, ndani bado kina maji. Kimekosa pilipili na ndimu tu, kwa hiyo beba zako. Kwa wasiokula nguruwe, mgahawa wa kituo una meza ndefu ya saladi na vyakula vingine vingi, hamtashinda njaa.

Usipite bila kuingia makumbusho ya malori, hapohapo kituoni, nayo ni bure. Kuna Avery ya mwaka 1910, moja ya magari ambayo Moon aliyapenda sana. Pia kuna kiyoyozi, na lami ya Julai inachoma kupitia soli. Tulikaa humo kuanzia saa saba mchana mpaka saa tisa.

Sasa kulala. Tuliweka kambi bustani ya West Lake, pembeni ya Davenport, mwendo mfupi tu kutoka Walcott. Ina maziwa ya kuvulia samaki, miti, na usiku nyasi zinajaa vimulimuli. Gari letu ni Sienna. Niling'oa viti vya katikati nikavilaza vya nyuma, nikaweka godoro la inchi nne, shuka mbili, taa ya betri. Asubuhi jiko dogo la gesi, chai ya maziwa na tangawizi, chapati za jana. Kosa lilikuwa neti za madirisha nilizoagiza mtandaoni: mpira ulilegea usiku wa kwanza na mbu wakaingia. Jumamosi nilikata chandarua cha kawaida nikakibana kwa milango. Hicho ndicho kilifanya kazi, msipoteze hela. Usiku wa Ijumaa mvua ya radi ilishuka saa nane, na wenye mahema nikawasikia wakikimbilia magari yao. Sisi tulivuta shuka tu.

Jumamosi kaeni mpaka giza liingie. Malori yanawashwa taa ndogondogo za rangi ya chungwa, mamia kwa gari moja, kuanzia kwenye bampa mpaka mwisho wa tela. Madereva wa huku wanaziita taa za kuku. Mwanangu alishikwa na bumbuwazi.

Lakini nitakalolikumbuka ni la mchana wa siku hiyo. Baba alipiga mwenyewe, akasema rangi na taa ameshaona, sasa anataka kuona breki. Nikamwendea yule kijana wa mswaki, nikamwambia kwa aibu kwamba baba yangu yuko Tanzania, ameendesha miaka mingi kwenye milima, anataka kuona breki za tela. Akachukua simu mkononi mwangu, akalala chali kwenye lami na shati lake safi, akaingia chini. Nikawa naona buti zake tu. Baba akaanza kuuliza kwa Kiswahili, kijana anajibu kwa Kiingereza, na kabla sijatafsiri nikasikia baba anasema, "Eeh, hapohapo, sogeza taa kidogo," na taa ikasogea.