Siku tatu ndani ya gari-nyumba, Kampi ya Samaki

Kwanza niseme jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema: ukienda Baringo kulala kando ya ziwa na una watoto, lala ndani ya gari. Mwaka juzi tulikwenda na hema. Giza likiingia viboko hutoka majini wakapita katikati ya mahema wakitafuta nyasi, na mtoto wa miaka mitano akibanwa na mkojo saa nane usiku, huna la kumfanyia ila ndoo. Sikulala siku mbili.

Agosti hii, shule zilipofungwa, tulikodi gari-nyumba kutoka kwa kampuni moja ya Nairobi. Lina kitanda nyuma, kingine juu ya kiti cha dereva, jiko dogo la gesi, friji, tangi la maji na choo cha ndani. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, watoto wawili na mama mkwe wangu, ambaye goti lake moja linamsumbua. Ngazi ya mlangoni iko juu mno kwa mtu mzima wa umri wake. Tuliazima kreti ya soda kwenye kioski, tukaipindua, ikawa ndiyo ngazi yake siku zote tatu. Wenye magari haya wangefikiria wazee pia.

Kutoka kwetu Nakuru ni kama kilomita 120, lami mpaka mwisho, na karibu safari yote unateremka. Ukivuka ikweta pale Mogotio unaanza kufungua vifungo vya shati. Kando ya barabara kuna asali ya Baringo kwenye chupa, tulinunua mbili. Marigat tulijaza mafuta, tukanunua nyama ya mbuzi kilo tatu na tikiti maji la mashamba ya Perkerra. Jazeni kila kitu hapo, maana Kampi ya Samaki ni mji mdogo: barabara moja, vioski, bodaboda kivulini, akina mama wanaokaanga tilapia, na mashua ufukweni.

Kambi yenyewe ni nyasi na migunga mpaka ukingo wa maji, bila ua upande wa ziwa. Ziwa lina rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya udongo unaoletwa na mito. Limepanda sana miaka hii ya karibuni, likameza majumba na mashamba ya watu, na bado ukitazama unaona migunga mikavu imesimama ndani ya maji, furukombe ametua juu yake. Inasikitisha kutazama. Kuogelea hakuna, kuna mamba. Mwambie mtoto kabla hamjafika, asije akalia mkiwa pale.

Usiku wa kwanza, saa tatu na nusu, mlinzi wa kambi, mzee mmoja, aligonga mlango polepole. "Mama, zimeni taa ya nje. Anakuja."

Tukazima. Mzee akasogea nyuma ya mti na tochi yake imeelekezwa chini. Sauti ilitangulia: nyasi zinang'olewa, kr, kr, kr, kama mtu anayepasua kitambaa kikuukuu bila haraka. Kisha mgongo ukapita chini ya dirisha letu, mpana kama meza, unang'aa kwa maji. Kiboko hakati nyasi kwa meno, huzivuta kwa midomo, na midomo hiyo niliiona, mipana, ina nywele ngumu chache, ikisogea umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kioo. Mwanangu mdogo alikuwa ameshika kanga ya nyanya yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Dakika kumi hivi, akaondoka.

Huyo mzee ndiye sababu kubwa ya kuisifu kambi hii. Anajua wanapopitia, anazunguka usiku kucha, na asubuhi alituonyesha nyayo na njia yao ya kurudi majini, akatuhimiza tusogeze gari mita chache tusiizibe. Mpeni chai, na mkiondoka mkumbukeni.

Sasa malalamiko. Tulipokabidhiwa gari tuliambiwa betri ya pili, ile ya friji na taa, inakaa siku tatu. Ilikufa usiku wa pili. Betri hiyo huchajiwa na injini gari likitembea, au na paneli ya sola iliyo juu ya paa. Sisi tulikuwa tumeegesha chini ya mgunga, na kivulini paneli haifanyi kazi. Ukilipeleka gari juani, ndani panakuwa tanuri, na friji nayo inakula umeme zaidi kwa sababu ya joto. Haya yote tulielezwa kwa simu, baada ya nyama kuanza kulegea! Soketi ya kambi ilikuwepo, ila waya wa gari ulikuwa wa mita kumi nao haukufika. Alfajiri nilikaanga mbuzi yote iliyobaki, sufuria mbili, tukagawana na mzee na vijana wa mashua. Kampuni inayokodisha gari kwa bei ile inapaswa kusema mambo haya mteja akiwa bado anaangalia gari.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda na mashua upande wa kisiwa cha Ol Kokwe, kwenye chemchemi za maji moto. Kijana wa mashua alichomeka kijiti chepesi ndani ya samaki asizame, akapiga mluzi, akamrusha. Furukombe aliteremka kutoka mtini akamnyakua mbele yetu, na mama mkwe akapiga kigelegele.

Kambi naipa nyota tano: bafu safi, bei ya haki, na unalipa kwa M-Pesa. Gari linapata nyota tatu, zote kwa ajili ya choo cha ndani na vitanda.

Desemba tunarudi. Nimeshampigia mzee atuwekee pale pale chini ya mgunga, na baba watoto amenunua waya wa mita thelathini.