Pikipiki yangu ya spoti na zile nyaya tatu za njano

Ningeandika haya wiki ile ile pikipiki iliponizimikia njiani, lingekuwa neno moja tu: usiinunue. Sasa nimepoa kidogo, angalau naweza kueleza.

Ni pikipiki ya spoti ya barabarani, silinda nne, iliyofuata umbo la mashine za mashindano kisha ikawekewa taa, vioo na kiti cha abiria. Habari za nguvu na uzito wake zimejaa kila mahali, sina haja ya kuzirudia. Nianze na mazuri, kwa sababu nikianza na yale mengine sitayafikia.

Kona. Hii pikipiki iliumbwa kwa ajili ya kona. Unaingia, unaachia breki taratibu, unatazama kule unakotaka kutokea, nayo inalala yenyewe bila kukupinga. Breki ya mbele inatosha vidole viwili. Injini ni mpole hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, unaweza kupita nayo kwenye watu bila kumshtua mtu; ikivuka 8,000 mvumo unageuka kuwa mlio na mikono inavutwa. Asubuhi barabara ikiwa kavu na tupu, sijaona kitu kingine kinachonipa furaha ya namna ile. Nasema kweli.

Maudhi madogo yapo, na nilishayakubali. Usukani uko chini, kwa hiyo ukikaa kwenye foleni uzito wa mwili wote unaangukia viganja. Feni ya radieta ikianza kuzunguka, joto linakuchoma mapaja. Vioo vinakuonyesha viwiko vyako. Kiti cha abiria ni kipande cha sponji kilichowekwa juu kabisa, na anayekaa pale hana pa kushika ila wewe. Haya yote ni ya kawaida kwa pikipiki za aina hii, anayeyalalamikia angechagua nyingine.

Sasa jioni ile. Ilikuwa miezi michache baada ya kuinunua, giza limeanza kuingia, na nyuma nimempakia mdogo wangu wa kike. Kwanza mshale wa mizunguko uliruka hadi mwisho ukarudi sifuri, vile unavyofanya ukifungua swichi. Nikadhani ni macho yangu. Kisha taa ya mbele ikafifia, ikawa rangi ya mshumaa. Nikawasha indiketa: ikawaka, ikaganda, haikupepesa. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Tukabaki tunaserereka kwa mwendo uliosalia, hakuna taa ya nyuma, hakuna hata ya breki, na magari yanatujia kwa kasi kutoka nyuma. Mdogo wangu alinishika kiuno kwa nguvu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

Tulifika pembeni. Nikabonyeza stata, ikajibu tk, tk, tk. Tukaanza kusukuma, yeye mkiani, mimi usukanini. Karibu kilo 200, na usukani uko chini, unasukuma umeinama kama mtu anayepalilia. Njia nzima kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, nami sikujua inatoka wapi.

Nikaipeleka kwenye gereji ya wale wale walioniuzia. Siku ya kuuza walinikaribisha kwa kiti na tabasamu. Safari hii mhudumu alikuwa anaandika, hakuinua uso.

"Ndugu yangu, imenizimikia njiani, umeme wote umekata."

"Betri hiyo."

"Mmeshaipima?"

"Uliacha swichi wazi, braza. Hizi mashine si za kila mtu."

Hizi mashine si za kila mtu! Nimeendesha pikipiki miaka mingi, cheni naikaza mwenyewe, oili namwaga mwenyewe. Nikamweleza habari ya harufu, akasema harufu ni ya klachi. Wakafunga betri mpya, wakasema dhamana haihusu betri, nikalipa. Hakuna aliyeinua kiti na kutazama chini yake zaidi ya pale betri ilipokaa.

Wiki kadhaa baadaye ikanizimikia tena, mchana, dalili zile zile moja baada ya nyingine. Niliporudi, bwana yule yule akaniangalia akasema, "Wewe tena?" Nikauziwa betri ya pili. Naandika haya na mkono bado unanitetemeka, kwa sababu wa kusema "nyinyi tena" nilikuwa mimi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja, mtu mzima, ambaye hajawahi hata kuuza pikipiki za namna hii. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akainama karibu na mkia na kunusa kabla ya kushika kitu. Kisha akasema, "Toa kiti chote."

Pale chini, nyuma kabisa, kuna soketi ambamo nyaya tatu za njano kutoka kwenye koili za chaji zinaingia kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri. Soketi ilikuwa nyeupe ilipotoka kiwandani. Yangu ilikuwa kahawia, tundu la katikati limeyeyuka na kushikana na pini yake. Waya wa katikati ulikuwa umekakamaa. Mzee alipoukunja, ngozi yake ilikatika kama kijiti kikavu, na shaba ya ndani ilikuwa nyeusi.

Akachaji betri, akaweka mita ya kupimia umeme. Injini imezimwa: volti 12.7, nzuri kabisa. Akaniambia niwashe na kupandisha hadi mizunguko 5,000, ambapo mita ilitakiwa ipande hadi 14 na kitu. Ikashuka. 12.4, 12.2, 12.1. "Betri inailisha injini," akasema, "injini hailishi betri. Hata wakikufungia kumi zitakufa." Akapima nyaya za njano mbili mbili, zote zikatoa sawa, na zikapanda pamoja na injini. Koili ni nzima. Regyuleta ndiyo iliyokufa.

Ndipo nikaelewa. Koili zinatoa umeme mwingi kadiri injini inavyozunguka, na regyuleta ndiyo inayougeuza uwe wa kufaa betri na kuuzuia usipite volti 14 na nusu hivi. Zile za aina ya zamani huurudisha umeme unaozidi ukazunguke kwenye koili, na kazi hiyo huzaa joto. Kifaa cha namna hiyo kinataka upepo. Wao wamekibana chini ya mkia, hakuna upepo hata kidogo, na bomba la moshi linapita hapo hapo! Joto likilegeza pini moja, pini iliyolegea inazidisha joto, na mwisho wake ni ile plastiki ya kahawia. Fundi yeyote mwenye mita angeliona hili kwa dakika tano. Wao walikuwa nazo, zimetundikwa ukutani, nilizihesabu nikisubiri.

Mzee alifunga regyuleta ya aina mpya, ya mosfeti, yaani yenye swichi za kielektroniki zisizopata moto sana, akaihamishia ubavuni inapopata upepo, na akaweka soketi yenye mpira wa kuzuia maji. Sasa inachaji volti 14.3, mchana na usiku, na haijanizimikia tena.

Kwa hiyo niseme inunueni? Mashine yenyewe, ndiyo. Juzi nilipita nayo kona moja baada ya nyingine hadi nikasahau kila kitu, na nilikuwa tayari kuiandikia sifa tupu. Kisha nikasimama, nikamkumbuka mdogo wangu gizani bila taa nyuma yake, na sifa zikanikwama kooni. Yeye hajapanda tena. Nimembembeleza, anasema ataipanda siku nyingine.

Ukiikuta inauzwa iliyotumika, usianze na rangi wala sauti ya ekzosti. Toa kiti, fuata nyaya tatu za njano hadi kwenye soketi, ikiwa imebadilika rangi hata kidogo dai mita. Muuzaji akikataa kupima, ondoka.

Walioniuzia nimewaandikia kudai fedha za betri mbili, barua mbili, pamoja na picha ya soketi. Hawajajibu. Soketi yenyewe ninayo, nimeifunga kwenye karatasi, na wiki ijayo nitaipeleka mwenyewe niiweke mezani kwa yule bwana, mbele ya wateja wengine, nimwombe ainuse.