LibreOffice Writer kwa steshenari za Moshi: jedwali linakaa sawa, ukijua pa kubonyeza

Kazi inayoingia steshenari za Moshi mjini kila siku ni jedwali: michango ya harusi, ratiba ya masomo, orodha ya wakulima wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) na kilo zao za kahawa. Kwa kazi hizo Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, inatosha kabisa, na hailipiwi leseni.

Kupanga maandishi ni kama kwenye Word: Ctrl+L kushoto, Ctrl+E katikati, Ctrl+R kulia, Ctrl+J pande zote mbili. Bei zetu hazina senti, hivyo safu ya fedha ichague yote, piga Ctrl+R, imekwisha hiyo. Kilo ndizo zinazosumbua, maana 112.5 na 8.25 zikipangwa kulia nukta hazikutani. Acha safu hiyo ikiwa imepangwa kushoto, ichague, nenda Format, Paragraph, kisha Tabs. Andika umbali, tuseme sentimita 1.5, chagua Decimal, bonyeza New halafu OK. Namba ikigoma kusogea, weka kishale (cursor) kabla ya tarakimu yake ya kwanza ubonyeze Ctrl+Tab. Tab peke yake inakurusha seli inayofuata, na kwenye seli ya mwisho inazaa mstari mpya wa jedwali. Kupanga kwa kugandamiza kitufe cha nafasi ni uvivu unaoumbuka mara fonti ikibadilishwa.

Panapokera ni kuweka maandishi katikati ya seli kwa wima. Ctrl+E haihusiki hapo. Ingia Table, Properties, Text Flow, halafu kwenye Vertical alignment chagua Centered. Ukiona bado yamepanda juu, mara nyingi kuna Enter ya bure chini ya neno, au maandishi yamebandikwa kutoka kwingine yakaja na mtindo wa Body Text, ambao huacha kama sentimita 0.25 chini ya kila aya. Futa hiyo Enter, rudisha mtindo wa Table Contents, yatashuka. Hapohapo Text Flow weka alama kwenye Repeat heading: orodha ikivuka ukurasa, kichwa cha jedwali kinakwenda nayo.

Ctrl+J usiitie kwenye seli nyembamba. Neno kama "walioandikishwa" likikosa nafasi linashuka lote, na yaliyobaki juu yanatawanyika kama meno ya kibogoyo. Tatizo hilohilo linaletwa na Shift+Enter ndani ya aya iliyonyooshwa pande zote, kwa kuwa Writer inavuta mstari uliokatwa hivyo hadi ukingoni. Tumia Enter ya kawaida.

Mteja akileta faili la Word (docx) kwenye flashi, hati iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri haivurugiki sana, kwani Writer inaweka fonti ya Carlito yenye herufi za upana uleule. Fonti za mapambo ya kadi ni habari nyingine: kama hazimo kwenye kompyuta yako, mistari itahama. Na jedwali lililowekwa ndani ya jedwali, likienda Word na kurudi, likague seli kwa seli kabla ya kuchapa. Kama mteja hatahariri tena, mpe PDF kupitia File, Export As. Kabla ya hayo yote angalia Format, Page Style: programu iliyosakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani huanza na karatasi ya Letter, na rimu iliyoko kwenye printa yako ni A4.