Tahadhari kwa wageni wa Ontario: ukiuziwa gari, bima na dawa ya kutu na mtu mmoja, kimbia

Ndugu zangu mliofika Ontario, huku Canada, karibuni, na nyie mnaojiandaa kuja, someni hii kabla hamjatoa hata dola moja ya gari. Mimi nimeshaingizwa mjini, tena na mtu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Jina lake siliweki kwa sababu suala liko polisi, lakini mchezo wake nitaueleza wote, maana hachezi peke yake na namba ya simu anabadilisha kama soksi.

Nilifika Septemba. Kazi niliyopata ni ya ghala, zamu ya usiku, na basi halifiki kule baada ya saa sita. Kila niliyeongea naye alikuwa na wimbo mmoja: tafuta gari kabla theluji haijaanza. Mtu mwenye haraka ananukia kwa matapeli, wallahi. Novemba nikaona tangazo mtandaoni: kigari kidogo cha Kijapani, dola 6,800, kilikuwa cha mama mmoja mzee, kimelala gereji. Nikapiga. Aliposikia lafudhi yangu tu akabadilisha lugha: "Kaka, wewe wa nyumbani?" Hapo hapo nikalegea.

Tukakutana kwenye maegesho ya duka la kahawa saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshaingia. Kwa nini si nyumbani kwake, kwa nini si mchana, sikuuliza. Nilipogusa boneti ilikuwa ya moto, yaani injini ilishawashwa muda mrefu, kwa hiyo nisingejua inavyowaka ikiwa ya baridi. Rangi inang'aa. Nikainama na tochi ya simu kuangalia uvunguni, nikakuta kweusi tii, kumepakwa vizuri kila mahali. Nikajisemea, huyu mama alikuwa anajali gari lake.

Sasa hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo pesa yangu ilipozama. Huku barabara zinamwagiwa chumvi msimu mzima wa baridi. Maji ya chumvi hayagandi upesi, yanakaa kwenye chuma yakiwa mabichi na yanaharakisha kutu vibaya sana. Gari la miaka kumi linaweza kuwa na injini ya kukufikisha mbali huku bodi inaliwa kutoka ndani: mbavu za chini ya milango, matao ya matairi, fremu inayobeba injini, na paipu za breki. Sisi tumezoea kuuliza injini na giaboksi, na tunaamini Toyota haifi. Huku uvungu ndio unaoua gari.

Weusi niliouona ulikuwa rangi ya makopo, imepuliziwa wiki ile ile juu ya kutu. Dalili zilikuwepo kama ningekuwa na macho. Rangi ilifunika mpaka nati, mpaka mipira, mpaka bomba la moshi. Hakuna anayetunza gari akapaka rangi bomba la moshi. Miezi miwili baadaye fundi mmoja, mzee wa Kireno, aliliinua kwenye jeki kubwa, akachukua bisibisi, akagonga mbavu ya chini ya mlango wa dereva. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa yakamwagika magamba ya kahawia kama majani ya chai. Akaniangalia, hakusema kitu, akaendelea na upande wa pili. Kumbe kule walijaza povu na puti, wakapiga rangi juu. Sumaku ndogo ya mlango wa friji ingenishtua mapema, kwa sababu kwenye puti nene haishiki.

Tuje kwenye makaratasi. Ontario mtu binafsi anayeuza gari lililotumika anatakiwa kisheria akupe kifurushi cha taarifa za gari kinachotolewa na ServiceOntario, yaani ofisi za huduma za serikali ya jimbo, wenyewe wanakiita UVIP. Kinagharimu dola 20. Ndani yake kuna orodha ya wamiliki waliopita hapa Ontario, kuna sehemu inayoonyesha kama gari lina deni la mtu, na kuna thamani inayotumika kukokotoa kodi. Mimi nilipewa. Jina la mmiliki lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Nikauliza, nikajibiwa, "Ni shemeji yangu, yuko kazini, ameshasaini." Nikameza. Anayeuza gari ambalo halijawahi kuandikwa jina lake mara nyingi ni mfanyabiashara asiye na leseni anayejifanya mtu wa kawaida. Wauzaji wa magari huku wanasajiliwa na OMVIC, na unaweza kutafuta jina la muuzaji kwenye tovuti yao bure. Ukinunua kwa aliyesajiliwa una pa kushika: anabanwa kueleza historia ya gari, na upo mfuko wa fidia. Ukinunua kwa shemeji wa shemeji, mfuko ule haukuhusu.

Halafu akanipa "msaada". Akaniambia, mdogo wangu, tuandike dola 3,000 kwenye risiti ili usilipe kodi kubwa. Nilimshukuru! Kumbe kodi ya asilimia 13 kwenye gari la mkononi inapigwa kwa bei uliyonunua au kwa thamani ya kwenye kitabu cha bei za magari, ile iliyo kubwa. Kaunta walinikokotolea kwa kitabu. Kwa hiyo sikuokoa chochote, nimeshiriki kudanganya serikali ya watu, na leo karatasi pekee niliyonayo inasema nilitoa 3,000. Zile 3,800 nyingine zilikwenda taslimu na hazina shahidi.

Cheti cha usalama nacho kilikuwepo. Wengi hapa wanakiita sefti, na wageni tunakichukulia kama waranti. Siyo. Kinasema siku lilipokaguliwa gari lilifikia kiwango cha chini kabisa, na kwa kuhamisha umiliki kinatumika siku 36 tu. Cha kwangu kilitoka gereji aliyoichagua yeye. Na msije mkadhani kuna siku za kurudisha gari ukijuta: Ontario hazipo, hata kwa muuzaji mwenye leseni. Ukisaini umesaini.

Bima. Hapa ndipo wengi tunapokatwa. Makampuni matatu niliyopiga simu yalinitajia kati ya dola 380 na 450 kwa mwezi, kwa sababu sina historia huku. Yule jamaa akacheka: "Watakumaliza hao. Nina dada mmoja anafanya kwa 150." Mazungumzo yote yalikuwa WhatsApp. Nikatuma picha ya leseni, nikatuma pesa ya miezi sita kwa uhamisho wa benki kwenda jina la mtu binafsi, baada ya saa moja nikatumiwa kikaratasi cha waridi cha bima, nembo ya kampuni kubwa, namba ya mkataba, kila kitu. Huyo ni wakala hewa, kama tulivyokuwa na watumishi hewa. Wengine wanatengeneza karatasi ya uongo moja kwa moja. Wengine wanakukatia bima ya kweli kwa taarifa za uongo, wanaandika unaishi mji mwingine au una uzoefu wa miaka 15, halafu inafutwa wewe hujui. Zote mbili siku ya ajali uko uchi.

Mimi niligundua Januari. Jirani alinikwaruza bampa kwenye maegesho ya jengo letu, muungwana kabisa, akataka tubadilishane taarifa za bima. Nikapiga kampuni. Dada wa simu akaniomba nirudie namba mara tatu. Kisha akanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, "Hii karatasi ulipewa na nani?" Nilikuwa nimeendesha wiki tisa bila bima. Faini ya kosa hilo Ontario kwa mara ya kwanza inaanzia dola 5,000 na inaweza kufika 25,000, na hata ile tunayoiita bima ndogo nyumbani, yaani ya kumlinda mtu wa tatu, huku kisheria lazima ibebe fidia isiyopungua dola 200,000. Fikiria ningemgonga mtu.

Kabla hujalipa dalali yeyote wa bima, tafuta jina lake kwenye orodha ya RIBO, hao ndio wanaosajili madalali wa bima. Kisha pigia kampuni ya bima yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi uliyotumiwa. Dakika kumi tu. Na kama unataka bei ishuke kihalali, ombeni barua ya historia ya bima na ya leseni kutoka nyumbani kabla hamjapanda ndege, si kila kampuni itaikubali lakini ulizeni. Funga matairi ya theluji na uwaambie, tangu 2016 makampuni ya Ontario yanatakiwa kutoa punguzo kwa hilo.

Na kutu? Eh, hapo nilipigwa mara ya tatu na watu wale wale. Jamaa alinielekeza kwa "fundi wake" apake dawa, dola 450. Walimwaga lami nzito juu ya ile rangi ya makopo. Lami ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevunyevu ndani, na kutu inaendelea kula gizani kwa raha zake. Kwenye milango wakaziba hata vitundu vya kutolea maji. Wakajaribu kuniuzia na kidude cha umeme cha kufunga kwenye betri, eti kinazuia kutu gari zima. Umeme wa namna hiyo unafanya kazi kwenye meli iliyo majini au bomba lililofukiwa ardhini, maana pale kuna maji au udongo wa kukamilisha mzunguko. Gari linatembea hewani. Hilo angalau nililikataa, ingawa ni kwa sababu nilikuwa nimeishiwa.

Dawa inayosaidia kweli ni mafuta mepesi yanayopuliziwa uvunguni na ndani ya mbavu kila mwaka, kabla ya msimu wa chumvi. Yanadondokadondoka siku mbili tatu, yanachafua sakafu, hayapendezi, lakini yanapenya. Na ukiosha gari wakati wa baridi, lipia na kuoshwa chini.

Mkizisoma hizi sehemu tatu mtaona uzi mmoja: aliyeniuzia gari ndiye aliyenichagulia cheti, wakala wa bima na fundi wa kutu. Nilipokezwa mkono kwa mkono kama sinia la pilau. Ningemlipa yule mzee wa Kireno dola 100 aliinue gari kabla sijanunua, mengine yote yasingefuata. Muuzaji akikataa gari lisiende kwa fundi wako, rudi nyumbani na basi.

Nimeripoti polisi na OMVIC. Gari nimeliuza chuma chakavu, wamenipa dola 400. Juzi nikiwa kwenye mapumziko kazini nikafungua matangazo, nikakuta kigari kingine, cheupe, mama mzee, kimelala gereji. Namba ya simu ni nyingine. Maegesho kwenye picha ni yale yale.