Kumtafuta Bwana Kipara: tathmini ya huduma ya utafiti wa ukoo mjini Nakuru

Baba yake nyanya alikuwa mlowezi aliyemiliki shamba kati ya Njoro na Elburgon, na kwa takriban miaka 90 ukoo wetu haukuwa na jina lake. Wafanyakazi walimwita Bwana Kipara, na nyanya, aliyezaliwa mwaka 1931 katika kambi ya wafanyakazi ya shamba hilo hilo, alifariki bila kumjua kwa jina jingine. Mapema mwaka huu niliwapa kazi ya kumtafuta watafiti wawili wenye ofisi ndogo ya ghorofani karibu na Barabara ya Kenyatta, Nakuru, ambao hufuatilia historia za familia na za mashamba ya zamani. Waliniomba nisiwataje kwa majina, kwa kuwa tayari wanasumbuliwa na watu wanaodhani kwamba wanaweza kuwarudishia ardhi, na ombi hilo ninaliheshimu. Ninaieleza kazi yao kwa kirefu kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, wamebaki na jina la utani tu.

Siku ya kwanza nilijiandaa kuulizwa jina, wao wakauliza mambo mengine kabisa. Walitaka kujua reli ilipita upande gani wa shamba, maji yalichotwa mto upi, nyapara alikuwa nani, na maziwa yalipelekwa stesheni gani. Mkubwa wao alinieleza kwamba jina la mtu hugeuka kila linapopita kinywani, lakini shamba halihami, na kila shamba lililopimwa enzi za ukoloni lilipewa nambari ya usajili ambayo imebaki kwenye ramani za zamani hata baada ya ardhi yenyewe kugawanywa kwa mamia ya watu. Kwa hiyo safari yao ya kwanza ilikuwa Elburgon, kwa nyanya mdogo, ambaye ni ndugu ya nyanya kwa mama na sasa amezidi miaka 85. Walimwamkia inavyostahili, wakaketi naye saa tatu nzima, na hawakumkatiza hata alipohama kutoka habari ya shamba kwenda habari ya harusi za zamani. Katika mazungumzo hayo, ambayo mimi ningeyaona ya kupotea njia, ndimo alimotaja daraja la reli, mteremko uliokuwa na mikaratusi, na jirani aliyekuwa na kiwanda cha kupasulia mbao. Alama hizo tatu zilitosha kuwaongoza hadi shamba moja kwenye ramani za Idara ya Upimaji kule Ruaraka, Nairobi.

Hapo ndipo simulizi yetu ya kwanza ilipoanguka. Tuliambiwa siku zote kwamba Bwana Kipara alipewa shamba kama askari, kwa mpango wa mwaka 1919 uliowagawia maaskari wa Vita Vikuu vya Kwanza mashamba kwa njia ya kura. Kumbukumbu za ardhi zilionyesha jambo jingine: aliununua ukodishaji wa shamba hilo mwaka 1921 kutoka kwa mlowezi aliyemtangulia, na alilipa kwa awamu. Watafiti walinifafanulia pia kitu ambacho sikuwa nimekielewa, kwamba Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 999 badala ya 99 ya sheria ya mwaka 1902. Niliiona hesabu hiyo kwa maandishi, ardhi iliyokuwa ya watu wengine ikiwa imekodishwa hadi karne ya thelathini, na nilinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kufungua ukurasa uliofuata.

Kosa lao kubwa lilitokea katika hatua ya pili, na ninalitaja kwa sababu lingeweza kutupotosha kabisa. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi sasa yanasomeka kwenye intaneti, huchapisha matangazo ya mirathi yenye jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe ya kifo na wasimamizi wa mali. Hiki ni chanzo kizuri mno kwa mtu anayemtafuta mlowezi, nao walikitumia. Lakini taarifa yao ya awali iliniletea mtu mwenye jina la ukoo linalofanana, aliyefariki mwaka 1929, yaani miaka miwili kabla ya nyanya kuzaliwa. Mtu anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kuzilinganisha tarehe hizo kabla ya kupiga chapa. Nilipowaonyesha, hawakubishana, walirudia upekuzi wote bila malipo ya ziada na baada ya wiki tatu wakamleta aliye sahihi, aliyefariki mwaka 1947, akiwa amemwachia mkewe shamba. Mkataba wa ununuzi na tangazo la mirathi vilikuwa na nambari moja ya shamba, na hapo shaka yangu iliisha.

Upande wa Uingereza walikwenda kwa kasi, na sina la kuongeza sana. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya mwaka 1890 na 1960 zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za nchi hiyo kule Kew, na kutokana nazo walipata safari yake ya kwanza ya kuja Mombasa, umri wake, na kazi aliyojiandikisha. Walipata pia ndoa yake ya mwaka 1934 na watoto wawili wa kiume, ambao ni wajomba wa mama yangu ingawa hawakuwahi kujua kwamba yupo. Kwa busara walinishauri nisiwaandikie wazao wao barua kabla ya kupima vinasaba, kwa kuwa kitukuu hubeba kwa wastani asilimia 12.5 ya urithi wa babu yake mkuu, na kipimo hicho kingethibitisha au kukanusha kile ambacho karatasi haziwezi kukisema. Karatasi zinathibitisha kwamba alimiliki shamba. Hakuna hata moja inayosema kwamba alikuwa na binti katika kambi ya wafanyakazi.

Na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mteja alifahamu mapema. Huduma ya namna hii humkuta mlowezi kwa urahisi kuliko inavyomkuta mwanamke aliyemzalia mtoto, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimwandika mmoja kila alipopiga hatua na haikumwandika mwingine. Kipande, yaani cheti cha utambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kusambazwa baada ya vita, kilikuwa cha wanaume. Wanawake hawakukibeba, kwa hiyo hawana faili. Mikataba ya maskwota, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, chini ya sheria ya mwaka 1918, iliyowataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima na kuchunga, nayo iliandikwa kwa jina la mwanamume. Watafiti hawa walilijua tatizo hilo, nami ninawasifu kwa namna walivyolikabili: walimtafuta kaka yake. Walishinda siku mbili katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, kwenye jengo lile la Barabara ya Moi lililokuwa benki, wakipekua taarifa za wilaya ya Nakuru ili wajue hali ya maskwota wa sehemu hiyo, kisha wakapata daftari la ubatizo la kanisa moja ambamo mjomba wa nyanya ameandikwa pamoja na jina la shamba na la baba yake. Kwa mstari huo mmoja tulipata kizazi kizima ambacho hatukuwa nacho.

Kuhusu gharama, hatua ya kwanza ilikuwa shilingi 22,000, na kwa kazi niliyoipata sioni kwamba ni nyingi. Sikupenda, hata hivyo, kuletewa baadaye bili ya shilingi 6,400 ya nauli na nakala ambayo haikuwa kwenye makubaliano yetu. Nilipewa risiti zote, lakini jambo hilo lilipaswa kuandikwa mwanzoni, na atakayewaendea asitie sahihi kabla ya kuona kiwango cha juu cha matumizi. Muda nao ulirefuka kutoka wiki sita hadi miezi minne. Anayetafuta ushahidi wa kudai ardhi asiwaendee: walikataa waziwazi kuandika chochote cha kupelekwa mahakamani, na shamba lenyewe lilinunuliwa na kampuni ya wananchi baada ya uhuru na sasa lina wenyewe, wengi wao wajukuu wa maskwota wale wale.

Kabla ya kukabidhiwa jalada niliomba nisome mchoro wa ukoo. Bwana Kipara alikuwa juu, kwa jina lake kamili, tarehe tatu na jina la meli. Kando yake palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "mama hajulikani". Niliwaambia kwamba anajulikana, kwamba binti yake yu hai Elburgon na walikwisha kunywa chai nyumbani kwake, na kwamba jina lilitamkwa mara nyingi kwenye kinasa sauti chao wenyewe. Waliomba radhi kwa dhati. Siku mbili baadaye walinirudishia mchoro uliorekebishwa, jina lake likiwa kwa herufi zilizolingana na za mumewe wa kambini na za Bwana Kipara, na chini yake wakaandika chanzo: simulizi ya binti yake, pamoja na tarehe waliyoketi naye.